Wasalimieni Nyumbani

Nyumba ya bibi yangu hapa Bagamoyo ina wapangaji wawili: nesi kutoka Kerala, kusini mwa India, na fundi mitambo wa Kichina. Baada ya magharibi kila mmoja hupiga simu kwao, na kuta zetu hazifichi kitu.

Bibi alikuwa akisuka ukili wa mkeka huku akiwasikiliza. "Huyu mwanangu wa Kerala na Kimalayalam chake anasuka kama mimi," aliniambia. "Neno halikatiki mpaka ukili uishe. Yule Mchina anachota maji kisimani. Kamba juu, kamba chini, kila ndoo na safari yake."

Kisha, kama kila jioni, alipaza sauti: "Wasalimieni nyumbani!" Nao walicheka, wakaitikia, "Zimefika, bibi!"

Alifariki kabla ya mvua hizi. Arubaini imeshasomwa, na mimi nimeanza kuisahau sauti yake. Hilo ndilo linalonitisha ninapokaa peke yangu ukumbini.

Jana Kimalayalam kilikuwa kikitiririka na Kichina kikipanda na kushuka. Mara nesi akanyamaza katikati ya maongezi. Upande wa pili, fundi naye akanyamaza. Nikatambua kwamba hufanya hivyo kila jioni, pale pale ambapo bibi alizoea kuwaingilia. Walikuwa wakimwachia nafasi.

"Wasalimieni nyumbani!" nikasema, na sauti iliyotoka haikuwa yangu yote.

Kisha, kutoka kuta zote mbili, taratibu:

"Zimefika, bibi."