Mzazi Hatembezwi

Shagitu alizaliwa na miguu miwili kama sisi sote, tofauti ni kwamba yeye aliitumia. Kwetu huku chini ya mlima Chilalo kila mtu hukimbia akiwa mdogo, maana shule iko mbali na baridi ya asubuhi haina huruma. Halafu mtu anaoa au anaolewa, anapata ng'ombe, anaota kitambi, anaacha. Shagitu hakuacha. Aliolewa na Bedaso, na wageni wa harusi hawajamaliza kutawanyika alikuwa barabarani tayari, viatu vyake vya mpira amevifunga kwa kamba ya gunia.

Usidhani alikuwa bingwa. Mimi Edao, jirani yake, nilikimbia naye klabuni na nakwambia ukweli: alikuwa wa katikati. Kwenye mashindano ya mji wa Asela alifika washindi wakiwa wameshavaa majaketi yao. Watu wakamcheka, "Shagitu, leo umetuletea nini?" Naye akajibu, "Nimewaletea njaa," kisha akakaa kula viazi vya watu wawili. Lakini mwaka ule homa ilipokilaza kijiji, aliyewachotea maji hao waliomcheka ni yeye. Sikumbuki hata siku moja aliyolala kitandani jua limetoka.

Alipopata mimba alikwenda kliniki na mumewe. Nesi Lensa, msichana wa mji wa Adama mwenye sauti ya kukaripia hata akikusalimia, aliwauliza habari za ukoo. Ikatoka habari ya dada yake Shagitu, aliyejifungua salama, akalala wiki nyingi akilishwa, mguu ukavimba, damu ikaganda humo ndani, ikapanda hadi mapafuni. Alizikwa yeye, mtoto wake akiwa hajapewa jina.

"Sasa nisikilizeni nyote wawili," nesi akasema. "Damu ya ukoo huu haipendi kulala. Kimbia polepole mpaka tumbo likukatalie, halafu tembea. Ukishajifungua, ukiweza kusimama, simama. Kila asubuhi utembee. Mguu mmoja ukiuma au ukivimba, usiniambie kesho. Njoo siku hiyohiyo."

Bedaso aliyabeba maneno yale kama kiapo. Ni mtu mpole, mchungaji mwenye fimbo mabegani kutwa nzima, na alimpenda mkewe kiasi cha kuchekwa na sisi wenzake.

Kisimani wanawake walimchokoza Shagitu. Aliyeongoza alikuwa Mama Tolera, mkubwa wao. "Huyo mtoto utammwaga njiani kama maziwa."

"Akimwagika nitamwokota, mama. Naenda polepole."

Alikwenda polepole kweli, mkono kiunoni, tumbo mbele, mpaka miezi ya mwisho. Hakuvimba, hakukosa usingizi. Uchungu ulipomshika tuliteleka kahawa kungojea, na kabla hatujamaliza duru ya tatu tukasikia mtoto wa kike analia. Wanawake wakasema ni siagi waliyompa. Miguu yake haikupewa sifa yoyote.

Nikueleze kuhusu Mama Tolera. Alikuwa na binti, Alamitu, aliyejifungua, na kabla hajapata nguvu mumewe akamtuma maji. Alibeba mtungi mgongoni, akavuja damu njiani, wakamkuta amekufa, mtungi ameukumbatia. Tangu siku ile hakuna mzazi wa kijiji hiki, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, aliyeinua hata kijiko mbele ya mama huyu. Ukimchukia utakuwa umemwonea. Mimi namchukia hivyohivyo.

Na kuna sinke. Kila mwanamke wetu hupewa na mama yake siku ya harusi fimbo nyembamba iliyonyooka, na hiyo ndiyo sinke. Si ya kuchapia mtu. Mume akimwonea mkewe, zaidi sana akiwa mzazi, mwanamke mmoja hupiga ukelele, na wenzake huacha chungu motoni, humtoa mtoto titini, hutoka na fimbo zao. Mwanaume haruhusiwi kuvuka mstari wao, na wala hasikilizwi mpaka apige magoti. Nimewaona wakiwanyoosha wanaume waliowashinda polisi. Ni mila nzuri, nasema bila kejeli.

Ulipokwisha uji mzito ambao kwetu mzazi hupikiwa siku ya tano, Shagitu akaanza kutembea. Alfajiri, ukungu umelala shambani, Bedaso akimshika kiwiko, fimbo ya ng'ombe begani kama kawaida yake. Mara ya kwanza walifika kwenye ua wangu tu. Baadaye wakafika kwenye shayiri. Rangi ikamrudi usoni, akaanza kuniuliza habari za mashindano.

Asubuhi moja alichoka, akakaa juu ya jiwe. Nilikuwa nafungua zizi, niliwasikia.

"Inuka basi," Bedaso akasema. "Bado kidogo tu."

"Miguu leo haitaki."

"Haina ruhusa ya kukataa hiyo. Haya, inuka."

Alisema huku akitabasamu. Lakini upande wa pili wa ua Mama Tolera alikuwa anakamua, na ua hauonyeshi tabasamu. Aliposimama akaona mwanaume mwenye fimbo amesimama juu ya mzazi aliyekaa chini. Akapiga ukelele.

Walikuja kutoka kila nyumba, wengine bila viatu. Waliwazunguka wale wawili, sinke zimeinuliwa. Sisi wanaume tukasimama mbali, kama tunavyotakiwa. Bedaso akapiga magoti kwenye umande.

"Bedaso," Mama Tolera akauliza, "mkeo amezaa au amejamba?"

"Amezaa, mama."

"Na mzazi wenu hutembezwa kwa fimbo?"

"Hii ya ng'ombe, mama. Nesi ndiye aliyesema..."

"Nesi sijamwita hapa."

Shagitu akainuka kwenye jiwe. "Mama, nilitaka mwenyewe. Hajanifanya kitu. Mwacheni."

Wanawake wakaguna kwa huruma, wengine wakajifuta machozi. Mama Tolera akamshika uso kwa mikono miwili. "Alamitu wangu naye alisema hivyo. Alisema nataka mwenyewe kuchota, mume wangu hana neno. Hivyohivyo."

"Lakini mimi ni kweli!"

"Mwone alivyofundishwa," akasema mmoja.

Hapo ndipo nilipojua ameshakwisha. Kwetu mke aliyeonewa humtetea mumewe, kila mtu anajua, kwa hiyo kila alipokana ndipo walipozidi kuamini. Akawaeleza habari za dada yake, akawaambia damu itaganda. Mmoja akacheka, "Damu ni samli, igande?" Wakacheka wote, vizuri tu, kama mnavyomchekea mtoto mwenye homa.

Wakatoa hukumu. Bedaso achinje mtamba, aombe radhi akishika majani mabichi mkononi, akalale kwa kaka yake mpaka arobaini iishe. Mzazi alale, asikanyage chini, wanawake wamlinde kwa zamu mlangoni. Anayevunja hukumu ya sinke laana humpata yeye na mtoto wake. Bedaso alimtazama mtoto, akachinja.

Walimpenda Shagitu, sitasema uongo. Walimlisha nyama ya mtamba wake mwenyewe, uji wa shayiri wenye shimo la siagi katikati, asali. Walimwimbia, walimsuka nywele. Akitaka kusimama wanamrudisha kwa kumgusa bega, "Tulia, malkia." Alianza kuchezesha miguu chini ya blanketi, huku na huku, kwa siri. Mmoja akaona. Akalichomeka blanketi chini ya godoro pande zote, likambana, akambusu kwenye paji la uso.

Nilipopeleka maziwa aliniita kupitia ufa wa ukuta. Alisema kwa haraka, mlinzi ametoka kumwaga maji.

"Edao, mguu wa kushoto unaniuma nyuma. Kama vile nimekimbia mbio ndefu, nami sijakimbia popote. Mwambie Bedaso amlete nesi."

Nilimwambia. Alikimbia kuja, na Bedaso si mtu wa kukimbia. Alipiga magoti langoni na majani mkononi. "Mama Tolera, naomba. Mguu wake unauma. Nesi alisema mguu ukiuma..."

"Umeanza tena?" Mama Tolera hakukasirika. Alisema kama mtu aliyechoka na mtoto mkaidi. "Nenda kamlete huyo nesi wako akae nje. Mguu nitautazama mimi."

Bedaso akaondoka mbio kuelekea kliniki. Yaliyofuata alitusimulia Mama Tolera mwenyewe, akilia, na ameyasimulia mara nyingi, hajui anachosimulia. Alifunua blanketi akaukuta mguu mmoja mnene, wa moto, unang'aa. Alifurahi. Aliwaita wenzake waje waone siagi ilivyoshuka, mguu mmoja umeshanona na wa pili unafuata. Akapasha siagi nyingine, akaanza kuukanda kwa nguvu zake zote, kuanzia kifundoni kwenda juu. Shagitu alimwomba aache.

"Vumilia mwanangu, nakutengeneza."

Kisha Shagitu akakohoa. Akasema hapati pumzi. Mtu aliyekuwa akipanda barabara ya Chilalo bila kufungua kinywa, akafungua kinywa na hewa haikuingia. Alimshika Mama Tolera mkono, akafa ameushika.

Pikipiki ya nesi ilifika wakati vilio vimeshaanza. Lensa aliingia, akatoka, akasimama mbele ya Bedaso aliyekuwa ameketi kwenye udongo.

"Nilikwambia umtembeze. Nilikwambia mara ngapi?"

Bedaso aliwatazama wanawake wote wale waliojaa uani, kisha akamtazama yeye. "Nilimtembeza," akasema. "Ndiyo maana amekufa."

Wanawake wakaitikia kwa kichwa, taratibu. Nesi akaanza kupayuka. Aliwaambia kila kitu, damu, mguu, kukanda, kulala, aliwaambia mmemuua kwa mikono yenu. Walimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Mama Tolera alikuwa anajifuta siagi kwenye viganja.

"Mwanangu," akauliza, "wewe umezaa wangapi?"

Lensa hajazaa. Akapanda pikipiki, akaondoka. Mwaka huohuo aliomba uhamisho. Siku hizi mzazi kwetu akitaka kusogea hata dirishani, wanamtajia Shagitu, naye anarudi kulala mwenyewe bila kulindwa. Tumeshazika mwingine mmoja, na wanawake wakasema huyo alikwenda chooni mara nyingi mno.

Bedaso hakuoa tena. Anamlea binti yake, Ebise, na anamlea vizuri, hapigi, hagombi. Nilipomwambia siku moja kwamba nesi alisema kweli, aliniomba nisirudie maneno hayo nyumbani kwake.

Juzi nilikuwa kwake tunatengeneza jembe. Ebise alimwona kifaranga, akamfukuza uani. Anakimbia vizuri yule mtoto, viwiko vimebana mbavuni, kichwa kimetulia, hapepesuki. Nilianza kucheka kwa furaha. Bedaso aliangusha nyundo, akamdaka katikati ya mbio, akamkalisha kwenye kigoda kando ya mlango na kumfunika miguu kwa blanketi.

"Kaa," akamwambia. "Mama yako alitembea."

Mtoto akakaa. Nilipopita jioni nikirudi na ng'ombe, alikuwa bado amekaa palepale.