Mjukuu wangu alitaka nimwandikie jina lake kwenye kaburi la kadi ya Halloween

Wakuu, salaam. Shikamoo zenu nimeshazipokea, msihangaike.

Mimi ni bibi wa watu niko Toronto, nafanya usafi kwenye ghala moja huku Downsview. Haya yamenitokea mwenyewe. Nguvu ya kutunga uongo sina, magoti yenyewe yananiuma.

Naishi Lawrence Heights na binti yangu Upendo na wanawe wawili, Neema na Zaka.

Kila mwezi wa kumi nawatengenezea kwa mkono kadi za Halloween, ile sikukuu ya huku ya mizimu na maboga. Walokole najua mnakuja na mistari. Karibuni, ila malizeni kusoma kwanza.

Nilianza Neema akiwa chekechea. Wenzake walipeana kadi, yeye akarudi analia. Nikachukua manila ya rangi ya chungwa nikakata boga, nikabandika pamba ikawa mzimu.

Yaani mimi, niliyekatazwa hata kuitaja mizimu nikiwa mdogo, nakaa mezani naitengeneza kwa hiari yangu! Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Sasa mwaka huu Neema kataka boga, nikamalizana naye. Zaka, ana miaka minane, kataka kaburi.

"Bibi, do a grave. Put my name on it. Everybody has one."

Ni kweli, huku msimu huu watu wanasimika makaburi ya plastiki mbele ya nyumba kama wamepanda mchicha. Nimeshazoea.

Shida ni jina. Zaka ni Zakaria, amerithi jina la marehemu mume wangu. Tangu azaliwe namwita "mume wangu", naye akiwa na njaa utamsikia, "Mke wangu, food."

Marehemu alifia Morogoro wakati makaratasi yangu ya huku hayajatoka. Ningeondoka, nisingeruhusiwa kurudi. Wakazika bila mimi. Ndugu walinitumia picha ya kaburi, mpaka leo sijaifungua.

Basi Jumapili baada ya kanisa nikachora kaburi, nikalitilia na majani, nikafika kwenye jina. Mkono ukagoma, wakuu. Nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Nikampa hivyo hivyo, bila jina. Akaigeuza geuza.

"Bibi, you forgot my name."

"Sijasahau, mume wangu. Jina la mtu aliye hai haliandikwi kaburini. Ni kuita mkosi."

Upendo akadakia kutoka jikoni, "Mama, mwandikie tu mtoto, si mchezo huo?"

Hapo nilikasirika kwelikweli. "Baba yako amelala chini ya jina hilo, unaniambia mchezo?"

Zaka akatutazama. Siku zote tulikuwa tunamwambia babu yuko mbinguni, basi. Habari za kaburi hakuna aliyewahi kumpa.

"Did you go to his funeral?" akaniuliza.

"Sikwenda, mwanangu. Sikuweza."

Akachukua maka peni nyeusi, akaandika ZAKARIA, chini yake BABU. Akaibandika kwenye mlango wa friji.

"It's not me, it's him," akasema. "Now you can go."

Wakuu, nilisimama mbele ya friji na kanga yangu ya kanisani, nikalia msiba ambao sikuwahi kuulia. Upendo akazima jiko, akaja tukashikana.

Zaka akatuacha tulie. Baadaye akauliza kama na yeye bado atapata kadi yake, maana ile sasa ni ya babu. Nikamkatia boga.

Nilichojifunza: waambieni watoto wafu wao wamezikwa wapi. Mimi nilidhani namlinda mtoto, kumbe nilikuwa najificha mwenyewe.

Nimechoka, macho yamevimba, na kesho alfajiri ghala linanisubiri. Ile picha bado sijaifungua. Nadhani wiki hii nitamwita Zaka tuifungue pamoja.

Mliofiwa mkiwa mbali mkashindwa kwenda kuzika, nyie mlilia wapi? Andikeni hapa, nasoma zote.