Nta Kwenye Kengele ya Winchi

Sijui kama nitaliandika hili kwa haki, lakini nijaribu. Miaka ile ya hamsini nilikuwa msaidizi wa fundi umeme kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Waliokuwa shimoni wakitaka kupandishwa walibonyeza swichi, kengele ikalia juu kwa mzee wa winchi, mashine ya kuwavuta. Ndani ya kengele mlikuwa na koili ya waya, nayo tuliifunika kwa lami ngumu iliyoyeyushwa, unyevu usiingie.

Fundi aliniambia waziwazi: lami tu. Simsingizii. Ila lami inanuka na haitoki mikononi, na kwetu vibuyu vikipasuka tuliziba kwa nta ya nyuki. Basi nikamimina nta. Ikaganda vizuri, laini, ya njano. Nikaijaribu asubuhi, kengele ikalia. Nikajiona fundi.

Sikufikiria bati la kibanda cha winchi. Saa nane mchana kibanda kile kilikuwa tanuri, na koili yenyewe hupata moto ikitumika. Nta ikayeyuka, ikatiririka mpaka kwenye kinyundo cha kengele, ikakinasa. Watu wanne wakabonyeza wee, kimya, hadi mmoja akapanda ngazi zote kwa miguu, akatokea juu hoi.

“Ulilala, mzee!” msimamizi akafoka.

“Sikulala, bwana. Haikulia.”

“Aa, kumbe iliyolala ni kengele!”

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kidogo.

Nikatumwa kuikagua. Nilifungua, nikaona, nikafuta nta kwa shati langu. Nikabonyeza, ikalia. “Nzima,” nikasema. Neno moja tu, na mzee akatolewa kwenye winchi, akapelekwa kusukuma vigari vya mawe. Jioni nikamimina lami kimyakimya.

Siku ya tatu nilimfuata kwenye vigari.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, ng’wanawane.” Aliniita mwanawe, kwa Kisukuma, na hiyo ikaniumiza zaidi.

Nikamweleza yote, hata shati. Nilingoja matusi, na yangenifaa.

“Kwa hiyo sikulala?”

“Hukulala, mzee.”

“Mke wangu ananiuliza kila siku. Jana nilimwambia labda kweli nilisinzia.” Akafuta mikono kwenye suruali. “Twende ukamwambie msimamizi hivyohivyo. Na shati usilisahau.”

Tukaenda. Ningependa kuandika kwamba nilitangulia. Alitangulia yeye.