Mifugo Isiyokamuliwa

Liweke chini hilo bomba la dawa, mwanangu, njoo ukae hapa kwenye gogo. Najua gugu jipya limeziba mwalo wetu wa Nkome na mtumbwi wako hautoki. Najua pia mnaniita Mzee Wadudu, mkidhani masikio yangu yamezeeka kuliko miguu. Jina hilo halinisumbui. Lilikaribia kuninyima mke, nikalizoea.

Naikumbuka vizuri siku yenyewe. Enzi hizo gugu la kwanza, lile la maua ya zambarau, lilikuwa limefunika maji hapa mpaka kuku wa jirani wanatembea juu yake kwenda kutaga. Usicheke! Kuku anafika, wewe ukimfuata yai unazama. Dagaa hakuna, mitumbwi imelala nchi kavu, watoto wanashindia uji. Wataalamu wakaleta vidudu vya kahawia vyenye pua ndefu, wakasema vinakula gugu lile tu na havigusi kingine. Walitaka mtu wa kuvizalisha kwenye mabeseni, vikishakuwa vingi viachiwe ziwani. Vijana wenzangu wote walikuwa wamekimbilia machimboni kutafuta dhahabu. Nikabaki mimi na bibi yangu, Bibi Minza, tukafunika mabeseni kwa vyandarua na kulea wadudu.

Sasa, wakati huohuo nilikuwa nimempenda Kabula, binti wa Kolandoto aliyekuwa kwa shangazi yake hapa mwaloni. Baba yake, Mzee Masanja, mkulima wa pamba na mwenye ng'ombe wa kutosha, akaja kunitazama. Unajua kwetu Wasukuma mwanaume hupimwa kwa zizi lake. Nikainama, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Hata maji hajayagusa, akaniuliza, "Kijana, unafuga?"

Mdomo ukanitangulia. "Nafuga, baba."

"Wangapi?"

"Wengi, baba. Hawahesabiki."

Uso wa mzee ukachanua kama pamba ya Juni. Ndipo Bibi, ambaye ulimi wake haukuwahi kujua likizo, akamalizia: "Wadudu, mkwe. Anafuga wadudu."

Mzee Masanja akanywa maji yote, akaomba mengine. Kabula alikuwa mlangoni, kajiziba mdomo kwa khanga, na mpaka leo hajaniambia kama alikuwa analia au anacheka.

Basi mgeni akalala kwetu. Lakini mkulima wa pamba halali mpaka jua limchome. Kulipopambazuka akaenda kuchungulia mabeseni, akaona vidudu vyenye pua ndefu. Mtu aliyepigana na funza wa pamba na fukusi wa mahindi maisha yake yote, unadhani aliwaza nini? Aliwaza kwamba kijana wa watu kavamiwa na fukusi, anaona aibu kusema, ndiyo maana bibi yake anafanya mzaha. Akanionea huruma. Akaenda kwa jirani yetu mkulima wa nyanya, akaazima bomba na dawa.

Nilipotoka kumwamkia, nilimkuta anajifuta jasho, anatabasamu, akaniwahi kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma. "Mwangaluka, mkwe wangu! Nimekusaidia. Hakuna hata mmoja aliyepona."

Mwanangu, nilitazama yale mabeseni, moja baada ya jingine. Miezi yote ile ya kulea! Ziwa limeziba, watu wananisubiri mimi, na mifugo yangu imelala chali. Lakini baba mkwe hafokewi. Nikafumba macho nikasema, "Asante sana, baba." Kisha nikaenda nyuma ya banda la kuku nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa.

Bibi akanifuata. Alinivuta sikio, mimi mwanaume mzima mwenye ndevu, akanirudisha mpaka mbele ya mgeni. "Wewe," akaniambia, "asante ya nini? Unamwacha mzee wa watu aende kwao akijua ametenda wema, kesho akaue na vya mwingine? Heshima si kumnyamazia mkubwa akipotea. Mwambie!"

Nikashindwa. Basi Bibi mwenyewe akamgeukia mgeni. Akaokota jani la gugu lililojaa vidonda vya kutafunwa, akamwekea mkononi. "Mkwe wetu, hili ndilo jani. Lile lote ziwani ndiyo malisho. Na hao uliowaua ndio ng'ombe wa mjukuu wangu. Umeingia zizini kwa mtu, hukupiga hodi."

Mzee Masanja alilitazama jani. Akatazama ziwa, kijani mpaka jicho linapoishia. Mfugaji ni mfugaji, neno malisho lilimwingia. Akavua kofia. "Mayu," akamwambia Bibi, kama anavyomwita mama yake, "nimeua zizi zima?"

"Limebaki beseni moja," Bibi akasema. "Nililificha nyuma ya jiko. Akiba haiozi."

Mzee hakurudi Kolandoto. Alivuta kigoda akaketi karibu na lile beseni, fimbo mkononi, akifukuza kuku. Alileta majani mabichi mwenyewe, akiwasemesha wadudu kama anavyosemesha ndama. Walipozaana tukapanda naye mtumbwi, tukasukuma kwa upondo mpaka ndani ya gugu, akawaachia kwa mikono yake huku akiwaambia wale washibe. Haikuwa kazi ya siku moja. Misimu ilipita, majani yakapiga madoa, yakawa kahawia, yakaoza na kuzama, na asubuhi moja tukasikia mtumbwi unateleza kwenye maji matupu. Nakwambia kweli, nililia tena.

Kwenye harusi yetu wazee wa Kolandoto walimuuliza, "Masanja, huyo mkweo ana mifugo?"

"Anayo. Haihesabiki."

"Inakamuliwa?"

"Haikamuliwi," akajibu, "na atakayeipulizia dawa atanikuta mimi mlangoni."

Sasa litazame hilo bomba la dawa, mwanangu. Gugu hili jipya nalo lina mdudu wake, na wataalamu wanasema wanamfuatilia. Maji haya tunayanywa, dagaa hawa tunawala, na wale wadudu wangu wa zamani bado wamo, wanalinda mwalo. Tuanze kwa kung'oa kwa mikono, nami nitakuja na reki yangu, mgongo ukiniruhusu. Usiue kitu kabla hujauliza ni cha nani na kinakula nini. Na mkubwa wako akikosea, hata akiwa mimi, usimwambie asante. Mwambie kwa adabu, ila mwambie.

Mungu akufungulie maji mbele ya mtumbwi wako, akupe mke mcheshi na mkwe anayekubali kuelezwa. Haya, rudisha bomba la watu, uje tule. Kabula ameshapakua, na leo nimemsikia anacheka.