Siku Niliyomfundisha Baba Wanja Uchumi

Hii aibu nimeificha vya kutosha, na kwa vile Wanja mwenyewe ameshaisimulia saluni nzima pale Githurai 45, afadhali muisikie kutoka kwa mwenye makosa. Siku ya ruracio yetu, ile ya kupeleka mahari, nyumbani kwao Gatongora, nilikuwa na kazi moja tu: kunyamaza. Kwetu mwenye kuoa haongei siku hiyo, anaongea msemaji wake, na wangu alikuwa Uncle Karanja wa Thika, mzee mwenye maneno matamu hata mbuzi angemfuata mwenyewe hadi jikoni.

Sasa, Wanja alikuwa ameniambia kwamba babake, karani wa benki aliyestaafu, ana daftari analoandikia kila Alhamisi riba ya zile hati za serikali za siku tisini na moja (ndizo T-bills: unaikopesha serikali pesa zako, siku hizo zikiisha inakurudishia na riba), na kwa hiyo riba anajua uchumi unaelekea wapi kabla ya watu wa televisheni. "Akianza hiyo story, wewe itikia tu," akaniambia. Kuitikia tu! Mimi, fundi wa simu mwenye bando! Asubuhi hiyo nikaingia mtandaoni, nikaona riba imepanda wiki tatu mfululizo, nikafunga simu bila kusoma maelezo yaliyofuata.

Mambo yakaanza vizuri ajabu. Uncle Karanja aliahidi mbuzi, wakakataa, akaongeza, wakacheka, akaongeza tena, tukawa karibu kabisa kukubaliwa. Hapo Baba Wanja akaegemea kiti, akasema tu, "Na huu uchumi, hawa vijana watauweza kweli?"

Lilikuwa swali la kupita. Mimi nikasimama (nilisimama, jamani, nikafunga na kifungo cha koti).

"Baba, usiwe na wasiwasi. Riba ya T-bills imepanda wiki tatu. Uchumi unapaa!"

Uncle Karanja akanivuta koti, nikadhani ananipongeza, nikaendelea, nikasema riba ni kama maksi za mtihani, ikipanda ujue mtoto amefaulu, na kwa kuwa sauti yangu ilikuwa imeanza kunipendeza nikawashauri akina mama wote waliokuwa pale wakachukue mikopo ya biashara Jumatatu bila kuchelewa.

Baba Wanja akavua miwani polepole.

"Kijana, mtu anakopa kwa majirani. Leo anaahidi kuwaongezea kidogo, wiki ijayo zaidi, wiki ingine zaidi tena, ndio wakubali kumpa. Huyo amefaulu?"

"Hapana, baba. Huyo ana shida."

"Na serikali? Na benki ikiona serikali inalipa hivyo, wewe fundi wa simu itakukopesha kwa bei gani?"

Nikanyamaza, nikiwa nimechelewa. Shangazi yake Wanja akapiga makofi. "Ngai! Na huyu si ameongeza mbuzi mara mbili tangu tuketi? Kumbe naye ako na shida!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, hata Uncle Karanja, msemaji wangu niliyemlipia nauli. Wanja alijifunika uso kwa leso, sikujua kama anacheka ama analia, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana ningeweza kumpoteza kwa sababu ya mdomo.

"Msichana wangu sipatii mtu wa kusoma nusu ukurasa," Baba Wanja akasema. "Rudi baada ya siku tisini na moja." Akafungua daftari, akaandika jina langu chini ya riba ya wiki hiyo.

Basi kila Alhamisi nikawa nampigia simu, namsomea riba, ananieleza. Siku riba iliposhuka mara ya kwanza nusura nimpe pole.

Siku zikatimia, tukarudi Gatongora. "Haya," mzee akaniuliza, "riba imeshuka. Hiyo ni kusema nini?" Jibu nilikuwa nalo, tena refu. Nikamwangalia Uncle Karanja.

Uncle akakohoa. "Mtoto wangu anasema leo amekuja kunyamaza."

Mzee akacheka mpaka akafuta miwani, akalikata jina langu kwa mstari daftarini, akasema mbuzi ni wale wale, ila aongezwe mmoja, riba yao ya kungoja siku tisini na moja.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza habari ya uchumi namwelekeza kwa baba mkwe. Na yule mbuzi mmoja nilimleta mwenyewe, wala sikuuliza ni asilimia ngapi.