Gari ya Papa Ilipolia Kibumba

Enzi zetu pale Majengo, mjini Goma, gari ya mtu mmoja ilikuwa ya mtaa mzima. Papa, ndiyo baba yangu, akiisimamisha ile yake nyeupe, watoto waliacha kamba na mpira wa matambara, wakaja kuigusa tu.

Kuiosha Jumamosi ilikuwa kazi yangu, msichana wa miaka kumi, kitenge kimelowa. Gari ile ilikuwa na ugonjwa wake. Ufunguo ulizunguka kuwasha na kuzima, lakini haukutoka tena, basi kila ukifungua mlango wa dereva inalia: ti, ti, ti. Siku moja nikagundua kitufe kidogo kwenye fremu ya mlango. Ukikikandamiza, gari inadhani mlango umefungwa, inanyamaza. Nilikichezea mpaka mama akaniita toka jikoni: "We mutoto, utamaliza batri ya papa yako."

Halafu vita ikashuka toka Rutshuru. Watu walipita na magodoro kichwani. Koko, mama yake papa, alikuwa bado kijijini Kibumba, kwenye njia hiyo ya Rutshuru, amekataa kuacha viazi vyake. Asubuhi moja papa akaenda kumchukua, akanibeba na mimi kwa sababu alijua mimi koko hawezi kunikatalia.

Kweli alikubali. Lakini tulipokuwa tunarudi, risasi zikasikika mbele yetu. Papa akaiingiza gari katikati ya mikaratusi, akazima, akafungua mlango, akashuka atazame barabara.

Gari ikaanza kulia.

Barabarani watu wenye bunduki walikuwa wanapita, karibu kabisa, tuliwasikia wakikohoa. Papa akanyoosha mkono aufunge mlango, ukabaki hewani. Mlango ule haukufungika bila kuubamiza. Nyuma, koko alikuwa ameshika rozari bila kuisali.

Toka kiti changu cha mbele nikajilaza juu ya kiti cha papa, nikanyoosha mkono mpaka kwenye fremu, nikapapasa. Kidole kikakuta kitufe. Kimya.

Papa akachuchumaa pembeni, akaninong'oneza: "Usiachilie, mama." Nilibeba jina la koko, ndiyo maana aliniita mama.

Mmoja wao akatoka barabarani, akaja kukojoa kwenye majani. Niliona bega lake na kofia. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi, nikakikaza kwa mkono wa pili. Yule mtu alikuwa anaimba polepole, kama mtu aliye nyumbani kwake. Kisha akawafuata wenzake.

Tulikaa hivyo mpaka viatu vyao havisikiki tena. Papa alipoingia kuwasha, alizungusha ufunguo upande usio wake mara mbili, na ndipo nikajua kwamba naye aliogopa. Hatukusimama tena mpaka Goma.

Koko alilala kitanda kimoja na mimi miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Viazi vyake hakuviona tena.

Leo wanangu wanapanda gari zisizo hata na ufunguo, zinazolia kwa kila kitu: mkaba wa kujifunga kitini, mlango, taa. Hawashtuki. Wanaongeza muziki, wanapiga kelele juu yake, wanagombania dirisha. Zamani ningewakemea. Siku hizi nawaacha tu, na kusema kweli nawaonea wivu kidogo. Sisi tulijifunza kunyamaza mapema mno.