Ubao wa Bruda Vinsenti

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, kijiji kizima cha Akheri kilimjua Aminieli kwa mbio zake. Mzee wa miaka sitini, goti la kushoto bovu, lakini akisikia kwamba fulani yuko taabani, jembe analitupa palepale kwenye migomba na kuondoka mbio, viatu mkononi. Vijana walimcheka. Mwinjilisti Sadoki alimwambia mara nyingi, "Mzee wangu, haraka haraka haina baraka." Aminieli alijibu kwa kuhema tu. Tuwasamehe waliomcheka, hawakujua mbio hizo alizitoa wapi.

Alizitoa Tengeru, wakati wa vita vya Hitler, Waingereza walipoleta maelfu ya wakimbizi kutoka Poland na kuwajengea vibanda vya duara chini ya mlima. Watu wale walikuwa wamezungushwa dunia nzima: Urusi kwenye barafu, Uajemi, kisha baharini, wakafika kwetu mifupa mitupu. Malaria ikawapokea. Aminieli akaajiriwa kuchimba makaburi yao, kazi ambayo wenzake waliikataa, akachimba mpaka mikono ikasahau kazi nyingine.

"Nimechoka, Mama Bariki," alimwambia mkewe Tabea kila jioni. Tabea alimtengea maji ya moto, maana uchovu ule aliuona kwa macho yake.

Pale makaburini ndipo alipozoeana na Bruda Vinsenti, mtawa mzee. Monasteri yake ilikuwa imevunjwa, wenzake wamekwisha njiani mmoja mmoja, naye akabaki na kitabu kimoja tu: ibada za kufa na kuzika, zimeandikwa kwa mkono kwa Kilatini, zimefungwa kwenye kipande cha blanketi. Mazishi yakiisha, na padri akishaondoka na kitabu chake cha kuchapwa, Bruda alikaa ukingoni mwa kaburi akamfasiria Aminieli chake, kwa Kiswahili cha kuokoteza.

"Wino mweusi, maneno ya kusema. Wino mwekundu, mambo ya kutenda."

Aminieli, Mlutheri wa tangu utotoni, hakuyajali sana yale meusi. Mekundu aliyapenda, maana yalikuwa kazi, na kazi aliijua. Mtawa anayekufa alazwe chini, juu ya majivu. Ubao ugongwe. Na wakiusikia ubao, ndugu wote waache walichoshika, waje mbio, mwenzao asife peke yake.

"Mbio kabisa?"

"Siku nyingine kukimbia ni mwiko kwetu. Siku hiyo tu."

"Na ndugu zako wewe wako wapi sasa?"

Bruda akakifunga kitabu. Kesho yake alitundika ubao mlangoni pa kibanda chake, upande unaotazama shamba la Aminieli, kwa kuwa shamba lile lilipakana na kambi. Hakuomba chochote. Aminieli naye hakuahidi chochote, ila walielewana, na wote wawili walijua hivyo.

Mara ya kwanza ubao ulipogongwa, Aminieli alikimbia, akamkuta mzee jasho limemtoka, homa imeshuka, anataka chai. Mara ya pili ilikuwa moyo. Alikimbia kwenye mvua, akatumbukia kwenye mfereji wa maji, na goti likaharibika siku hiyo. Alipofika akichechemea, Bruda alifumbua macho na kuangua kicheko. "Umekuja!" Alifurahi mno, yule mzee. Aminieli alirudi nyumbani amekasirika, na hasira ile hakumwambia mtu.

Mara ya tatu ilikuwa mchana wa Februari, jua kali. Tangu alfajiri alikuwa akichimba kaburi la mtoto kwenye ardhi iliyokauka. Ameketi, bakuli la loshoro mapajani, mahindi na maziwa mgando aliyoyangoja asubuhi nzima. Kijiko cha kwanza kinaingia kinywani, ko, ko, ko.

Tabea alimtazama. "Unausikia?"

"Nausikia. Kila siku anakufa yule. Niache nile, Mama Bariki."

Akala. Alikula taratibu, akakwangua bakuli, akanawa, akatafuta viatu vyake. Ubao ulikuwa umeshanyamaza. Akashika njia, anatembea.

Elifuraha, binti wa Akheri aliyemfulia Bruda nguo, alikuwa amekaa mlangoni, kipande cha mti alichogongea ubao bado kiko mkononi. Ndani, mzee alilala sakafuni juu ya majivu ya jiko, uso umeelekea njia. Kitabu kilikuwa wazi kando yake. Aminieli alipiga magoti akaushika mkono wake. Ulikuwa na joto bado.

"Aliniamuru nimlaze hapo," alisema Elifuraha. "Halafu akawa anauliza, Aminieli yuko njiani? Kaniuliza mara tatu. Nikamwambia yuko njiani."

"Ulimdanganya."

"Sikumdanganya, baba. Nilijua uko njiani. Wewe si huwa unakuja? Ni goti limekuchelewesha?"

Aminieli alitamani kusema ni goti. Goti lilikuwepo, lilikuwa linauma, na hakuna ambaye angembishia.

"Nilikuwa nakula," alisema.